Droo Niliyoiacha Wazi

Vijana wa idara ya nyaraka, mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimestaafu juzi tu na kichwa bado kinafanya kazi, lakini asanteni kwa kunijali. Kwenye karamu ya kuniaga, mmoja wenu alisimama akasoma vyeo vyangu vyote, kuanzia mpanga kadi hadi mkuu wa idara, na watu wakapiga makofi huku wakitazama meza ya chakula. Vyeo mmeshavisikia, basi tuviache. Nataka kuwaeleza jambo moja mtakalokutana nalo siku mtakapofanya usafi kwenye mfumo wetu wa kutafuta nyaraka. Mtamkuta mwandishi mmoja wa ripoti, jina lake Ilunga, na mashine itawaambia kwamba yuko hai. Mtauliza wakubwa, nao watawaambia kwamba alikufa zamani, na kwamba mimi mwenyewe nilitupa udongo juu ya jeneza lake. Mtasema Mama Godelive alizeeka, hili lilimpita. Mtataka kufuta. Nawaomba msome kwanza.

Nilipoingia kazini, kituo chetu kilikuwa pale pale kilipo sasa, katikati ya mji, ila hakikuwa na kompyuta hata moja. Kilikuwa na makabati ya chuma, marefu kuliko mimi, yenye droo zilizojaa kadi. Kila ripoti ya kisayansi iliyowahi kuandikwa juu ya Katanga ilitakiwa iwe na kadi yake: miamba, maji, mimea, magonjwa ya mapafu ya wachimbaji. Chumba kilinuka karatasi yenye ukungu na mafuta ya taa ambayo mtu fulani alimwaga zamani na hakuna aliyekubali kuwa ni yeye.

Aliyenipokea alikuwa Papa Ilunga. Alikuwa mwembamba, amevaa koti hata wakati wa joto, na kabla hajaingia chumba chochote aligonga sakafu kwa kisigino, akasikiliza kidogo, ndipo akaingia. Alifanya hivyo ofisini, alifanya hivyo benki, alifanya hivyo hata kanisani kwenye mstari wa komunyo. Siku ya kwanza nilidhani kiatu kinambana. Siku ya pili nikamuuliza.

“Godé,” akaniambia, maana ni yeye peke yake aliyelikata jina langu hivyo, “mbele ya kuja huku nilikuwaka mutoto ya bapimaji. Nilibebaka munyororo ya kupimia mu mashimo ya zamani, ile yenye bantu balichimba na kuacha. Huku kwetu, chini ya bulongo kuko nyumba ingine. Unapaswa kubisha hodi.”

Alisema bila kucheka. Mimi ni mjukuu wa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini, nimekulia Ukatoliki, na maneno ya nyumba za chini ya udongo sikuyapenda. Lakini kazi alinifundisha, na alifundisha vizuri. Alisema hati haisomwi peke yake: ina wazazi, ina ndugu, ina maadui. Ukipewa ripoti ya maji, uliza ni nani aliyewahi kutazama mimea ya bonde lile lile. Kila jioni, nilipochukua mkoba wangu, aliuliza swali moja tu: “Godé, ulifunga tiroir?” Yaani droo. Makabati yale yalikuwa mazito juu, na droo ya juu ikiachwa wazi, kabati zima liliinama na kumwangukia mtu. Kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyetembea kwa kuchechemea kwa sababu hiyo. Basi nilifunga. Miaka yangu yote nimefunga droo, mpaka nyumbani Makomeno watoto wangu walinicheka, maana niliamka mezani kwenda kukagua kabati la vijiko.

Kesi ngumu za siku zile hazikuwa za kukosa hati. Zilikuwa za kuwa nayo bila kujua. Nakumbuka mama mmoja mtafiti wa maji aliyekuja kuuliza kwa nini kijito fulani kina chuma na shaba nyingi hivyo. Tulitafuta msimu mzima wa kiangazi. Jibu lilikuwa nyuma ya mgongo wangu, ndani ya tasnifu ya mimea. Mwandishi wake alihesabu maua ya shaba, yale madogo ya rangi ya buluu yanayoota pale tu ambapo udongo una shaba, na kila mtoto wa huku ameshayachuma. Lakini yeye kilima kile kinakotoka kijito alikiita kwa jina la kanisa dogo la jirani. Wanajiolojia walikiita kwa namba. Watu wa maji walikiita kwa jina la kijito. Mahali pamoja, majina matatu, na hakuna kadi iliyowahi kuyakutanisha. Papa Ilunga alipoliona kosa lile alihuzunika mchana mzima, kama mtu aliyefiwa.

Alipofikia umri wa kupumzika hakupumzika. Alikuja kila siku, akakaa kwenye kiti chake, akanywa munkoyo, kinywaji chake cha mahindi, kwenye chupa ya plastiki, akatusahihisha bila kuombwa. Alikuwa na kazi moja kichwani: kuonyesha mashimo yote ya zamani ambayo hayako kwenye ramani yoyote, ambayo yeye aliyapita akiwa kijana. Aliogopa, alisema waziwazi, kwa sababu mji ulikuwa unakua na watu walikuwa wanajenga bila kubisha hodi. Halafu figo zikamkamata. Nilikwenda kumwona hospitali nikiwa na machungwa ambayo hakuruhusiwa kula.

“Ile mashimo, Godé,” akaniambia. “Njo kazi yangu ya mwisho. Nitarudia kuimaliza.”

Nilimjibu kama mnavyojibu wagonjwa. Nikasema ndiyo Papa, tutakungoja. Wiki ile ile akafa, na nililia kuliko nilivyolia kwa wajomba zangu, na sioni aibu kuandika hivyo.

Binti yake, Béatrice, ambaye wengi wenu mnamjua, alikuwa tayari ameajiriwa hapa kuingiza taarifa. Siku ya mazishi alikuwa mjamzito. Akazaa msichana, na msichana akapewa jina la babu: Ilunga. Ninyi mliokulia huku hamhitaji kuelezwa, lakini kwa atakayesoma akitoka mbali: kwao, mtoto akirithi jina la marehemu, hakumbushi tu watu, anampokea ndani yake. Mashangazi wazee walikuja kumtazama mtoto mchanga, wakamuuliza kwa adabu kama safari ilikuwa nzuri. Mama yake mwenyewe alimwita “Papa”. “Papa, kuja kula.” “Papa, vaa kiatu.” Siku alipoletwa ofisini mgongoni mwa mama yake, sote tulisimama tukasema karibu kazini, Papa Ilunga, umechelewa. Tukacheka sana. Yeye hakucheka, lakini alikuwa na miezi mitatu.

Kadi zilikufa taratibu. Tulipiga picha kurasa zote kwa mashine, miaka ya vumbi na umeme unaokatika, kisha tukaweza kutafuta kwa maneno. Ilikuwa maendeleo ya namna yake. Ukiandika neno, mashine ilikuletea kila ukurasa wenye neno lile, pamoja na orodha ya vyakula ya karamu ya mwaka mpya ambayo mtu aliibana ndani ya ripoti. Lakini kilima cha majina matatu kingebaki vilima vitatu.

Ndipo akaja Patient. Ni Mnande wa Butembo, mtoto wa wafanyabiashara wa jumla. Nyumbani walimtaka kwenye malori, yeye akapenda kompyuta, na nadhani hadi leo mama yake anasubiri ujinga huo umtoke. Alikuwa haanzishi mashine bila kusali. Wiki yake ya kwanza tulikaa mezani na bukari, ugali wa huku, na sombe ya majani ya muhogo, akanieleza kazi aliyotumwa kufanya, ambayo kwa Kifaransa huitwa web sémantique. Mimi niliiita wavu wa maana, na jina likashika.

“Mama Godelive, mashine ya zamani iko inasoma herufi tu,” alisema, akikata bonge la bukari vipande vitatu. “Hii ya sasa tunaifundisha sentensi ya vipande vitatu. Kitu, uhusiano, kitu. Ripoti hii, imeandikwa na, Ilunga. Ilunga, alipima, kilima hiki. Kilima hiki, ni kile kile na, kilima kile. Ukiipa sentensi nyingi, yenyewe inaunganisha. Inaweza kukuambia kintu chenye hakuna hati hata moja imekisema.”

“Ni ukoo,” nikamwambia.

“Njo hivyo, Mama. Ni ukoo wa hati.”

Nilitamani Papa Ilunga awe hai asikie. Lile alilonifundisha kwa kadi, kijana huyu alikuwa anakifundisha chuma. Tukaanza kazi. Mimi nilitunza majina ya mahali: kila jina la kilima, kijito, kanisa na namba ya zamani, nikisema hiki ni kile kile na kile. Béatrice alitunza waandishi: alizaliwa wapi, alifanya kazi na nani, yuko hai au la, anaishi wapi. Watafiti walikuwa wanalalamika kwamba wanapata ripoti lakini hawapati mtu wa kumuuliza, kwa hiyo Patient akaandika kanuni moja. Kama mwandishi yuko hai na ana makazi, mashine ipime umbali kati ya makazi yake na kila mahali alipowahi kufanya kazi, vyovyote palivyoitwa, na iseme ni nani aliye karibu zaidi. Wafu hawakuwa na makazi, hivyo mashine haikuwapima.

Siku tuliyoijaribu kwa mara ya kwanza mbele ya wote ilikuwa asubuhi, mvua inanyesha. Patient akasali. Mimi nikaambiwa niulize swali, kwa kuwa ni mkubwa. Sikufikiri sana. Nikauliza lile ambalo lilikuwa la Papa Ilunga: ni nani anayejua mashimo ya zamani yasiyo kwenye ramani?

Mashine ikajibu kwa mistari michache. Mtaalamu: Ilunga. Hali: hai. Makazi: Ruashi. Umbali kati ya makazi yake na mahali alipopima: sifuri.

Sisi wakubwa tulikuwa tumemzika.  Nilijua kabisa kwamba ni upuuzi, na nikaisoma mistari ile mara ya pili.

“Ni bug, mashine imekosea,” alisema Patient.

Uzuri wa mfumo ule ni kwamba unaweza kuuliza umejuaje, nao unakuonyesha hatua zake moja moja. Patient akauliza. Hatua ya kwanza ilisema: Ilunga mpimaji ni yule yule na Ilunga wa Ruashi. Wote tukamgeukia Béatrice.

“Njo miye niliandika,” akasema, hata hakuinamisha kichwa. “Kulikuwa fasi ya kuandika ‘ni yule yule’. Papa yangu na mutoto yangu ni muntu moja. Sikudanganya ordinateur, hii mashine yenu.”

“Dada Béatrice,” Patient akasema polepole, kwa heshima, “muntu mwenye alikufa hawezi kuwa na adresse.”

“Huyu iko nayo.”

Nilicheka, na wengine wakacheka, tukafurahi kupata sababu. Béatrice na mume wake, dereva wa malori ya Kolwezi, walikuwa wamehamia Ruashi miezi michache nyuma. Walijenga wenyewe, tofali juu ya tofali, karibu na mgodi, mahali ambapo viwanja vilikuwa vinauzwa kabla nyasi hazijakatwa. Patient akaweka kidole kwenye kitufe ili aukate uhusiano ule. Hapo ndipo nilipomshika mkono. Sifuri ile ilikuwa inanikera. Mashine iliambiwa uongo kuhusu mtu, sawa. Lakini umbali haukuwa wa mtu.

“Ngoja,” nikasema. “Iulize, sifuri kutoka kwa nini?”

Akauliza. Hatua zikashuka kwenye skrini, na nilizisoma kwa sauti kwa sababu wengine hawakuwa na miwani. Kulikuwa na ripoti ya kikundi, ya zamani, ambamo jina la Ilunga lilikuja mwishoni baada ya wakubwa wote: kijana aliyebeba mnyororo ndani ya shimo refu la majaribio, lililopimwa kutoka kwenye jiwe la mpaka. Kulikuwa na tasnifu ya mimea iliyokuta kiraka chembamba cha maua ya shaba, kilichonyooka kama mstari, kikipimwa kutoka kanisani. Kulikuwa na uchunguzi wa maji wa kisima ambacho maji yake yalipotea siku moja bila sababu. Majina matatu, namba tatu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeyaunganisha miezi miwili nyuma bila kuwaza mtu, nikiwa na chai mkononi. Vyote vitatu vilikutana mahali pamoja, na mahali pale palikuwa kiwanja cha Béatrice. Hakuna hati iliyosema hivyo. Bila makazi ya marehemu, hakuna mashine ambayo ingepata sababu ya kupima.

Béatrice alikaa. 

“Nyumba yetu iko nzima,” akasema. “Haina hata ufa. Mutoto tu njo anakataaka chumba ya nyuma. Tulimuchapa hata, juu ya kukataa.”

“Anasemaka nini?” nikamuuliza.

“Anasema kuko muntu anabisha hodi, na hakuna mwenye kumufungulia.”

Tulikwenda mchana ule ule kwa gari la Patient. Mvua ilikuwa imekatika na barabara ya Ruashi ilikuwa nyekundu na laini. Nyumba ilikuwa nzuri, niseme ukweli. Madirisha yalikuwa na vyuma vilivyopakwa kijani, na mlangoni kulikuwa na chungu cha maua. Mtu anayejenga kwa mikono yake huweka ua mlangoni hata kabla hajaweka choo. Shangazi wa mume alikuwa anachambua mchele uani. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kizingiti, ana miaka mitano au sita, amevaa sare ya shule, anatungoja. Sijui neno lingine. Watoto wakiona gari hukimbia, na huyu alisimama akajifuta sketi.

Akatangulia ndani. Kwenye mlango wa sebule alipiga sakafu kwa kisigino, akasikiliza, akaingia. Kwenye mlango wa jikoni vivyo hivyo. Nilimtazama Béatrice, naye akanong’ona kwamba hakumfundisha. Huenda alimfundisha bila kujua. Yeye mwenyewe alikua akimwona baba yake, na watoto huokota vitu kutoka miguuni mwetu. Nilijiambia hivyo wakati ule na bado najiambia.

Kwenye mlango wa chumba cha nyuma mtoto alipiga kisigino na hakuingia.

Patient aliingia. Ni mtu jasiri, au alikuwa na aibu ya kuogopa mbele ya wanawake. Akasogeza kitanda, akasogeza gunia la makaa, na kwenye kona, pale saruji inapokutana na ukuta, palikuwa na tundu dogo, pana kama sarafu. Mnajua methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakuna methali inayosema ufanye nini ukuta ukiwa umejengwa juu ya ufa.

Mtoto akafungua kiganja. Alikuwa ameshika kijiwe. Akampa Patient, kama fundi anavyompa mwenzake chombo bila kuombwa, na Patient akakidondosha tunduni. Tukainamisha vichwa. Nilisikia mchele ukichambuliwa uani, nilisikia mlio wa pikipiki mbali. Kijiwe sikukisikia. Tulingoja hadi Patient akaanza kunyanyuka, na ndipo, chini sana, kitu kikagusa maji. Na baada ya hapo, sauti mbili kavu zikaja kutoka kule chini, ko, ko, kama kisigino.

“Mwangwi,” alisema Patient. Inawezekana. Mwangwi wa nini, hakusema, nami sikumuuliza.

Béatrice alibishana. Msimcheke. Alisema mvua zimeshanyesha na nyumba imesimama. Alisema hawana kwingine. Alisema mume wake yuko njiani Kolwezi, atarudi akute amehama kwa ajili ya ordinateur, atasema nini? Akalia kwa hasira, si kwa huzuni.  Mtoto ndiye aliyemshika mama yake kidole na kusema, kwa sauti yake ndogo ya kawaida, “Béa, tuende. Hapa nilipima déjà, zamani.”

Tulibeba magodoro. Walilala kwangu Makomeno, na mume aliporudi aligomba siku mbili, kisha akaenda mwenyewe na kijiwe chake, akarudi na masufuria. Tulipeleka taarifa kwa wakuu wa mtaa na kwa majirani. Jirani mmoja alituita wachawi wa kompyuta. Jumapili moja kabla ya mvua kwisha, watu wakiwa misani, chumba cha nyuma kilishuka shimoni. Shangazi aliyekuwa amekwenda kuchukua makaa yaliyobaki alikuwa bado barabarani. Wakazi walituambia hawakusikia kishindo. Walisikia kitu kama droo nzito inayosukumwa taratibu hadi mwisho. Jirani yule alihama siku ile ile, na tangu hapo hunisalimia kwa mikono miwili.

Mnaelewa sasa kilichokuwa kwenye mstari ule mmoja mnaotaka kuufuta. Patient alitaka kuufuta kabla yenu. Alisema taarifa lazima iwe ya kweli, na alikuwa na haki, ndiyo kazi tuliyoapa kuifanya. Nikamuuliza hii ilidanganya wapi.  Mstari ukabaki. Halafu, miezi mingi baadaye, alipotaka kununua kiwanja chake, nilimkuta mchana peke yake kwenye mashine, anabadilisha makazi ya Ilunga. Alimhamishia kwenye kiwanja kile ili mashine ipime. Iliposema hakuna kitu karibu, akamrudisha. Tangu siku ile hakuna mfanyakazi wa hapa aliyejenga bila kumhamisha Papa Ilunga kwa mchana mmoja. Mnajifanya hamjui, lakini naona mnavyotazamana.

Kuna jambo ambalo Patient hapendi nilitaje. Jioni ya siku ile alipomhamisha Ilunga, kabla yeyote hajamwambia lolote, mtoto alitoka shule akaketi, akavua viatu akamwambia mama yake amechoka, ametembea sana. “Kwa Patient kuko muzuri,” akasema. “Bulongo ya kule ni nguvu.” Béatrice alinisimulia kesho yake. Nilipomweleza Patient, alisali, na hakuwa anawasha mashine.

Sasa nimalize. Siku yangu ya mwisho niliingia mapema nikabidhi mfumo ukiwa safi. Nilikuwa nimewaza sana. Mimi ni Mkatoliki, marehemu wapumzike. Nilifikiri juu ya mtoto pia: amekua, anasoma vizuri, na si haki mashine iendelee kumtuma Papa Ilunga huku na huku ndani ya mwili wa mtoto wa watu, kama kweli ndivyo inavyofanya. Nilifungua ukurasa wa Ilunga. Nikaweka alama kwenye ule uhusiano wa “ni yule yule”. Mashine ikauliza kama nina hakika.

Nyuma yangu, mlangoni, kisigino kiligonga sakafu, kikanyamaza, kikaingia. Béatrice alikuwa amemleta mtoto aje kuniaga. Mama yake alikuwa bado kwenye korido, anasalimiana na watu. Msichana akaja akasimama begani pangu, akasoma skrini bila haraka. Kwa miaka yote ameniita Mama Godelive, kama alivyofundishwa.

“Godé,” akasema. “Ukifunga hii tiroir, mashimo yenye kubakia, nitayapima na nini?”

Niliondoa mkono. Nikavaa koti, nikachukua mkoba, nikamshika mtoto mkono, tukatoka. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nimeondoka ofisini bila kufunga droo.